Mlinishauri ninunue reli za shaba. Haya ndiyo yaliyonikuta mbele ya baba mkwe

Wakuu, asalaam aleikum, na wasio wa salamu hii hamjambo.

Nimekaa kimya humu muda mrefu kwa sababu nilikuwa na hasira, na hata sasa ninavyoandika bado ninayo. Haya ni yangu mwenyewe, yamenipata nyumbani kwangu. Sitatia chumvi, ya bahari iliyoko hapa kwetu inatosha.

Kuna watakaokumbuka kwamba niliwahi kufungua uzi hapa nikiuliza kuhusu reli za treni ndogo, zile za model, treni inayotembea juu ya meza. Nilitaka kujua nichukue reli gani na pointi za aina gani.

Wengi mlicheka. Mmoja akaniuliza kama nimeshamaliza matatizo yangu yote ya dunia. Sawa, nilimeza.

Lakini kuna mmoja, namsitiri jina ingawa hastahili, aliniandikia kwa kujiamini utadhani yeye ndiye aliyeijenga SGR: "Mkuu chukua shaba. Shaba inapitisha umeme vizuri, chuma kitakufia. Usijisumbue, reli ni reli."

Reli ni reli! Maneno haya sijayasahau.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikianza na hasira sitafika.

Mimi ni fundi wa AC. Nazunguka mahoteli ya Diani, naishi Msambweni, kwenye nyumba aliyoiacha marehemu baba. Naishi na shangazi yangu, Bi Mwanakombo, dada yake baba. Ndiye aliyenilea. Hana mtoto mwingine, nami sina mama mwingine.

Siku moja nilimtengenezea AC mzungu mmoja mstaafu aliyekuwa anahama Diani kurudi kwao. Akanipa injini ndogo ya kijani na mabehewa marefu ya abiria. Reli zake alikuwa amezigundisha mezani, alipozing'oa zikavunjika zote. Kwa hiyo nikawa na treni isiyo na reli.

Tena huku kwetu pwani ya kusini hakuna reli hata ya kutazama. Mtu wa Msambweni akitaka kuona treni ni lazima avuke feri ya Likoni kwanza. Kwa hiyo mniwie radhi kwa ujinga wangu. Nilipouliza humu niliuliza kwa dhati.

Sasa hapo katikati anaingia Mwanasha.

Mwanasha anafundisha chekechea Ukunda, nyuma kidogo ya Kona ya Musa. Ndiye ninayetaka kumuoa. Posa nilishapeleka, wazee wangu walipokelewa vizuri, halua ikaliwa. Jibu ndilo halikuja.

Halikuja kwa sababu ya baba yake, Mzee Suleimani. Mzee huyu alifanya kazi kwenye reli ile ya zamani, alikuwa mshika pointi. Maana yake yeye ndiye aliyekuwa akivuta lile gongo la chuma pale reli moja inapogawanyika mbili, treni ipite kulia au kushoto. Akikosea, watu wanakufa. Ni kazi ya heshima na yeye mwenyewe hakuachi usahau.

Basi akasikia kwamba mchumba wa binti yake anachezea treni chumbani. Mwanasha akanipigia.

"Hamisi, baba anasema atakuja kuiona hiyo reli yako kwa macho yake. Ikitembea vizuri, mtazungumza mambo mengine."

"Na isipotembea?"

"Anasema mtu asiyeweza kulaza reli juu ya meza hawezi kuweka nyumba sawa."

Mnaona nilipokuwa nimefika. Ndoa yangu ilikuwa imewekwa juu ya kipande cha mbao.

Sasa niwaeleze reli zenyewe, maana huenda yuko mwingine humu anayetaka kuanza na sitaki aumie kama mimi.

Kuna reli zinazokuja vipande vipande, vingine vimenyooka, vingine vimepinda tayari. Unaviunganisha tu. Halafu kuna hii wanayoiita flexible, kipande kirefu chenye mataruma ya plastiki, yaani zile fito za chini zinazoshika reli, unakipinda mwenyewe unavyotaka. Chumba changu cha uani kina nguzo katikati. Nilitaka reli iizunguke ile nguzo taratibu, isikate kona kama bodaboda. Kwa hiyo flexible ilikuwa chaguo sahihi, na hilo nalisimamia mpaka leo.

Kosa lilikuwa kwenye madini.

Nilikwenda duka moja Mombasa, mwenyewe akatoa mzigo wa reli za shaba uliokuwa umelala stoo miaka na miaka. "Hii ndiyo original," akaniambia. Sijui kwa nini kila kitu kilichooza pwani hii kinaitwa original. Nikakumbuka ushauri wa yule mkuu wa humu. Nikachukua.

Pointi nazo nikachukua zile fupi kabisa, zenye kona kali, kwa sababu ndizo zilizokuwapo na nafasi yangu ni ndogo. Kumbe pale katikati ya pointi, reli zinapokatana, palikuwa na kipande cha plastiki kisichopitisha umeme. Wenyewe wanapaita frog. Injini yangu ni fupi, ina magurudumu manne tu, ikifika pale inakosa umeme na kusimama kama punda aliyekataa mzigo. Mabehewa marefu nayo yalikuwa yakipita kwenye kona ile kali yanaruka nje.

Nikahangaika. Nikagundua nikiikimbiza kidogo, na behewa moja tu nyuma yake, inavuka. Si kukimbia kwa treni ya abiria, ni kukimbia kwa mtu aliyeona nyoka, lakini inavuka.

Halafu bahari ikaanza kazi yake.

Wakuu, shaba inapitisha umeme vizuri, hilo ni kweli. Lakini ikikaa karibu na bahari inavaa koti. Kwanza inafubaa, halafu inaota kutu ya kijani. Koti lile ndilo halipitishi umeme. Mimi kila siku nabadilisha mabomba ya AC yaliyoliwa na chumvi hiyo hiyo, na bado nilimsikiliza mtu wa mtandaoni! Kila jioni ikawa ni kitambaa na spirit, nafuta reli, natia treni, inatembea. Kesho yake, kijani tena.

Lakini ilikuwa inatembea. Mwanasha akamwambia baba yake aje Jumamosi mchana.

Asubuhi ya Jumamosi hoteli moja wakanipigia, AC ya ukumbi wa harusi imekufa, wageni wanatoka jasho. Nikaenda mbio. Nilipotoka nilimwambia shangazi jambo moja tu: "Shangazi, mgeni wetu wa posa anakuja leo."

Wale wa pwani mmeshaelewa. Wale wa bara niwafafanulie.

Ukimwambia mwanamke wa rika la shangazi yangu kwamba mgeni wa posa anakuja, hafagii tu. Anatoa kila kitu cha shaba kilichomo ndani, sinia, birika, chetezo, na kuvisugua kwa majivu na ndimu mpaka ving'ae. Mwisho anapitisha tone la mafuta ya nazi kwa kitambaa ili mng'ao ukae. Shaba iliyofubaa mbele ya mgeni wa posa ni aibu ya nyumba nzima. Watu watasema mle hamna mwanamke.

Mnaona inakokwenda?

Nilirudi mbio, Mzee Suleimani ameshafika, amekaa barazani na kanzu yake na bakora. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba yake nzito. Shangazi akatoka na sinia la kaimati linang'aa kama jua, uso wake nao unang'aa.

"Hamisi mwanangu, na zile shaba zako za kule uani nimezisugua. Zilikuwa zimeota kijani, masikini. Ningewezaje kuziacha vile, wageni waje wakute shaba imefubaa ndani ya nyumba ya kaka yangu?"

Sikungoja aendelee.

Nikaenda uani, Mzee nyuma yangu. Wakuu, sijapata kuona reli nzuri vile. Zilikuwa za dhahabu. Kila taruma limeoshwa. Harufu ya ndimu chumba kizima.

Na maji yalikuwa yameingia kwenye chipboard, ubao umevimba, reli imeinuka kama mgongo wa ngamia. Majivu yamejaa ndani ya pointi, vile vipande viwili vyembamba vinavyosogea kushoto na kulia havisogei tena popote. Na juu ya kila kitu, mafuta ya nazi.

Hasira niliyokuwa nayo sitawadanganya. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumuuliza shangazi ni nani aliyemtuma. Nikauma ulimi, nikasema labda itatembea hivyo hivyo. Nikawasha.

Injini ikazungusha magurudumu pale pale ilipo, inateleza kwenye mafuta. Nikaisukuma kwa kidole, ikaenda, ikafika kwenye pointi ya kwanza, ikalala ubavu. Behewa likaanguka sakafuni.

Mzee Suleimani aliinama, akapitisha kidole kwenye reli, akakinusa. Akajua papo hapo.

Halafu akacheka. Si kicheko cha utani. Akageuka kumtazama shangazi aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia lake.

"Kumbe huyu ndiye unayemwachia reli? Mama huyu hajui tofauti ya reli na sufuria! Ndiyo mambo ya watu wa shamba haya. Binti yangu aje akae na ujinga huu?"

 Shangazi alivuta leso yake, akafunika mdomo, akawa anatazama lile sinia.

Wakuu, hasira yangu yote niliyokuwa nimemwekea shangazi iligeuka pale pale na kumkabili yule mzee. Sijui iligeukaje. Najua tu kwamba niliona leso ile imefunika mdomo, nikasahau treni.

"Mzee," nikasema, "shikamoo yangu nimeshakupa na sirudishi. Lakini huyu ndiye aliyenilea. Amesugua vile kwa ajili yako wewe, kwa heshima yako. Ukimtukana yeye umemtukana na baba yangu aliye kaburini. Treni imekwisha leo."

Akanitazama. Akachukua bakora yake. Akatoka bila kuonja kaimati, bila kunywa chai.

Mnafikiri shangazi alinishukuru?

"Mgeni hafukuzwi, Hamisi. Nani amekufundisha hayo?"

"Shangazi, nilikuwa nakutetea!"

"Sikukuomba. Umenitetea kwa kunivunjia nyumba."

Nikatoka nikaenda kukaa nje. Hasira kwa mzee. Hasira kwa shangazi. Hasira kwa muuza duka. Na wewe mkuu wa reli ni reli, wewe ndiye niliyekukasirikia kuliko wote, kwa sababu ningenunua reli nyeupe shangazi asingeigusa! Angeona si shaba. Angeipita akaenda kwenye birika lake.

Yaliyofuata ndiyo yaliyoniuma zaidi. Shangazi aliacha kusugua. Sinia likafubaa, chetezo kikafubaa. Hakuingia tena chumba cha uani hata kufagia. Nikimsalimia ananiitikia vizuri, chakula ananipikia, lakini kila nikiwa natengeneza kitu ananiuliza kwanza, "Naweza kupita hapa?" Nyumbani kwake mwenyewe.

Mwanasha akanipigia. "Baba anasema alikuwa anatania."

"Utani haufanywi na mgeni siku ya kwanza. Kama ni utani, aje aumalizie mbele ya shangazi."

 Nikasema moyoni basi, imekwisha, nimekosa mke. Halafu akasema, "Nitamwambia hivyo hivyo." Akakata.

Sikuwa na la kufanya na mikono yangu, nikang'oa kila kitu.

Safari hii sikuuliza mtu humu, mtanisamehe. Nilisoma mwenyewe, nikaagiza kwa mtu anayekuja kutoka nje. Flexible tena, ila ya nickel silver. Jina tu, ndani hakuna fedha hata kidogo, lakini inastahimili chumvi kuliko shaba, na hata ikifubaa inaendelea kupitisha umeme, kitambaa kimoja inarudi. Pointi nikachukua ndefu, kona yake pole, na zile za live frog, ambazo pale katikati ni chuma kinachopata umeme. Injini fupi inavuka taratibu bila hata kushtuka. Ilibidi nimege nafasi ya meza ya kazi ili zienee. Nimemega.

Ubao nikatumia plywood niliyoipaka rangi juu na chini. Na kwenye maungio ya reli nikaacha upenyo mdogo, maana chumba changu kina mabati juu na joto la mchana linaitanua reli. Usipoacha upenyo itajinyanyua yenyewe, hutahitaji shangazi.

Ikatembea. Nikaitazama inazunguka nguzo peke yake, nami peke yangu. Haikunifurahisha.

Ijumaa moja baada ya sala nikasikia hodi.

Ni Mzee Suleimani. Peke yake. Hakuniuliza mimi chochote. Alinipita, akaenda mpaka jikoni alipokuwa shangazi, akasimama nje ya mlango kama mtu anayesubiri kuitwa.

"Bi Mwanakombo," akasema.

"Karibu. Chai ipo."

Akaletewa kiti. Akanywa chai yote. Sinia lilikuwa pale ukutani, jeusi. Alilitazama muda mrefu.

"Stesheni yetu ilikuwa na taa za shaba," akasema. "Bwana stesheni alitaka aone meno yake ndani yake. Mimi ndiye niliyekuwa nikizisugua kabla sijapewa pointi."

Shangazi akauliza, "Kwa kitu gani?"

"Majivu. Na ndimu."

"Na mwisho?"

"Mafuta ya nazi. Tone moja."

Wakuu! Alijua! Siku ile aliponusa kidole chake alijua ile ni kazi ya mikono gani, aliijua kuliko mtu yeyote aliyekuwa mle ndani, kwa sababu yeye mwenyewe aliifanya! Na bado akamwita mjinga! Nilisimama pale damu inachemka, nikataka kusema, shangazi akaninyooshea kiganja bila hata kunitazama.

"Basi ungelisema siku ile," akamwambia Mzee.

Mzee aliweka kikombe chini.

"Ningelisema," akajibu. "Naona aibu. Naomba radhi."

 Shangazi alimwacha akae nayo kidogo ile aibu, na mimi nilifurahi sana, sitaficha. Kisha akasema, "Yamekwisha. Hamisi, muwashie mgeni treni."

Tukaingia uani, na shangazi akaingia, mara ya kwanza tangu siku ile. Injini ya kijani ikatoka taratibu na mabehewa yake yote, ikafika kwenye pointi. Mzee aliinama, akaniuliza kwa macho, nikamwonyesha swichi. Akaigeuza kwa mikono yote miwili, swichi ndogo kama kifungo cha shati. Treni ikapita kushoto bila kutikisika.

"Pointi nzuri," akasema. Basi. Lakini Mwanasha ananiambia nyumbani amezungumza mpaka wakachoka.

Jibu la posa limekuja. Ni ndiyo. Sinia limesuguliwa tena, unaweza kunyoa ndevu ndani yake.

Somo langu ni hili. Kama unaishi karibu na bahari na unataka treni ya mezani, shaba waachie wenye masinia. Pointi usichague kwa sababu ni fupi na zipo, pima kwanza injini na mabehewa yako. Na kama kuna kitu ndani ya nyumba hutaki kiguswe, sema kwa adabu mapema. Kunyamaza kwa heshima kulinigharimu zaidi.

Na ukiingia kwa watu ukakuta mama amekusugulia shaba, kula kaimati kwanza.

Mwanasha anasema niache hasira. Nitaacha, lakini yule mkuu wa reli ni reli ajitokeze hapa chini aombe radhi kama mwenzake alivyoomba. Chai ipo.

Wengine karibuni mchangie. Tena nina swali, na si langu, ni la shangazi. Amejitwalia kazi ya kufuta reli kila asubuhi na anataka kujua, hii nickel silver, mbali na kitambaa na spirit, husafishwa kwa kitu gani? Andikeni, nitamsomea majibu yote.

Ndimu msiseme. Ameshajaribu.